Barua ya shule yafungiwa karanga!

Nina dukuduku ambalo nisipolitoa leo nitapasuka.

Juzi nilikuwa stendi nasubiri gari la kwenda Kahama, nikanunua karanga za kufungwa kwenye karatasi. Nilipomaliza kutafuna nikaikunjua ile karatasi niisome, maana ndio ugonjwa wangu, sioni maandishi nikayaacha. Lo! Kumbe ni barua ya shule. Mzazi anaitwa kikaoni bila kukosa. Muhuri upo, sahihi ipo, tarehe ya kikao imepita wiki mbili. Muuza karanga kaipata, mzazi mwenyewe wapi!

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikamkumbuka bibi mmoja jirani yetu, kicheko kikakatika.

Bibi huyo anaishi na mjukuu wa kike. Baba mtu yuko machimboni upande wa Nyarugusu, Geita, anasaka dhahabu, nyumbani anaonekana kwa msimu. Binti alipomaliza darasa la saba, ikapita kimya, bibi akajua basi tena, kafeli. Angefaulu si wangekuja kusema? Kumbe majina ya waliochaguliwa yalibandikwa ubaoni shuleni, na kwenye grupu la WhatsApp la wazazi yakarushwa. Bibi ana simu ya tochi, kusoma hajui, na hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa mguu.

Binti akatafutiwa kazi za ndani mjini. Begi limeshafungwa! Aliyemwokoa ni mwenzake waliyekutana kisimani. "We, mbona huripoti? Jina lako nimeliona!" Wenzake walikuwa na wiki ya tatu darasani.

Nilipokwenda kumpa pole na hongera kwa pamoja, bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, ng'ombe akiibiwa watu wanapiga mwano, kijiji kizima kinatoka. Mtoto akifaulu wanabandika karatasi?"

Jamani, sikuwa na jibu.

Na kweli, kupashana habari si jambo geni kwetu. Sungusungu ilipoanza huku Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, nani alikuwa na simu mfukoni? Mwano ulipigwa, kijiji hiki kikapokea, cha jirani kikapokea, mwizi hana pa kutokea. Na wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Asiyejua kusoma naye alisikia, akauliza, akajibiwa.

Sasa leo shule inampa mtoto wa miaka minane barua apeleke nyumbani, njiani kuna mpira na maembe, halafu wazazi wasipotokea mnasema hawana mwamko. Mwamko upi ndugu zangu, wakati habari imefungiwa karanga?

Ugomvi mwingi tunaouona mashuleni unaanzia hapo hapo. Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, wengi walisikia neno moja tu, bure. Hawakuambiwa vizuri kwamba ruzuku ya shule ya msingi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na kwamba uji wa mtoto ni wa mzazi kukubaliana na shule. Mwalimu akitaja mahindi, mzazi anaona anaibiwa. Mwalimu naye anaona kadharauliwa. Kumbe wote hawajakaa wakaelezana.

Tena kuna hili la wasichana. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi darasani. Mabinti wangapi huku vijijini wamekaa na watoto mgongoni, hawajui kama mlango uko wazi?

Mimi si afisa elimu, elimu yangu ni ya sekondari tu, lakini ushauri ninao. Kwanza, tangazo lipelekwe walipo watu: mnadani, kisimani, kanisani, msikitini, na kule maduarani wanakoshinda akina baba. Pili, lisemwe kwa mdomo, na penye wazee lisemwe kwa Kisukuma. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kila mlango, atumike. Tatu, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Mwalimu mkuu apewe nafasi aeleze fedha zilizoingia na zilizotoka, kisha anyamaze, asikilize maswali. Maana kikao cha kuambiwa michango tu, nani atakifuata mara ya pili?

Na sisi wazazi na walezi tusijifiche. Shule ina mlango, siku moja moja tubishe hodi bila kuitwa.

Yule binti anasoma sasa, japo alianza kwa kuchelewa wiki tatu. Bibi anatamba kijiji kizima.

Nawe ukinunua karanga leo, kabla ya kutupa karatasi isome kwanza. Huenda ni ya jirani yako.