Balungi Lisidharauliwe

Nataka kuitumia nafasi hii katika gazeti letu la shule kulitetea balungi. Msimu wake ufikapo hapa Pangani, mabalungi huanguka chini ya miti yakaoza, na mwenye mti hushukuru akipata mtu wa kumpunguzia. Lakini saa ya mapumziko sisi wanafunzi twasukumana dukani kununua soda. Ukimwuliza mwenzako sababu, atakujibu ati balungi ni chungu, au ati hiyo ni dawa ya wazee. Jibu la kwanza ni la ulimi tu, nami sina ugomvi nalo. La pili lina hatari, kama nitakavyoeleza.

Wengi hudhani kwamba balungi lilifika pwani pamoja na ndimu na malimau tangu zama za kale. Sivyo. Mzazi wake mmoja, furungu, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na mzazi wa pili, chungwa, vilevile ni wa Asia. Balungi lenyewe lilizaliwa mbali sana na huko, katika kisiwa cha Barbados, karne ya 18, wazazi hao walipokutana mashambani baada ya kupelekwa na wageni. Kasisi Griffith Hughes alilitaja katika kitabu chake cha mwaka 1750, akaliita tunda lililokatazwa. Baadaye Waingereza walilipa jina la zabibu, kwa kuwa huning'inia mtini kwa vichala. Basi hili ni tunda changa, halijatimiza hata miaka 400.

Jamaa zake, walakini, wana habari kubwa papa hapa kwetu. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita pwani hii, na moja, São Rafael, ikapanda mwamba karibu na Mtangata, kati ya Pangani na Tanga. Mashua mbili za wenyeji ziliwaendea, moja imejaa machungwa, na Mreno aliyeandika habari za safari ile alikiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Miezi michache nyuma mabaharia wale walikuwa wameugua kiseyeye: mikono na miguu imevimba, fizi zimefunika meno hata hawawezi kula. Walipovuka bahari kurudi kutoka Bara Hindi, ugonjwa ukawarudia, wakafa watu wapatao 30. Nao walipotia nanga Malindi, Januari 1499, machungwa ndiyo waliyotaka kwa ajili ya wagonjwa wao. Miaka karibu 250 ikapita ndipo tabibu James Lind, mwaka 1747, alipowajaribu mabaharia 12 wa Kiingereza kwa dawa mbalimbali, akaona waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Ajabu yangu ni kwamba watu wa Mtangata walikuwa wakiwauzia wageni ile dawa bila mtu yeyote kujua kuwa ni dawa.

Leo twajua kuwa kinachoponya kiseyeye ni vitamini C. Nusu ya balungi ina kiasi cha miligramu 40 hivi, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Haki isemwe, pera linalipita mbali sana. Lakini faida nyingine haitajwi mara nyingi: vitamini hiyo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha, na sisi tulao maharage karibu kila siku, hasa wasichana ambao upungufu wa damu huwasumbua zaidi, tungepata nguvu kubwa kwa vipande vichache vya balungi baada ya chakula. Chupa ya soda ya mililita 300 hutupa sukari ipatayo vijiko saba vya chai, basi.

Sasa hiyo hatari. Bibi yangu, akaaye ng'ambo ya mto, Bweni, humeza vidonge vya nifedipini kwa ajili ya presha. Jirani alimshauri anywe maji ya balungi kila asubuhi ili presha ishuke upesi. Nilimsihi aulize kwanza zahanati, naye tabibu akamkataza kabisa. Sababu yake ilijulikana mwaka 1989, kwa bahati tu. Daktari David Bailey wa Kanada alikuwa akichunguza dawa ya presha iitwayo felodipini pamoja na pombe, akatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe. Akaona dawa imezidi katika damu mara kadhaa kuliko alivyotazamia. Katika utumbo mna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijaingia katika damu. Balungi hukizuia, kidonge kimoja kikawa kama viwili au zaidi. Wala haisaidii kula balungi asubuhi na kumeza kidonge jioni, maana nguvu hiyo hukaa siku nzima na kupita. Furungu na danzi ni vivyo hivyo. Chungwa tamu halina neno. Si dawa zote zinazoguswa, kwa hiyo mwenye vidonge vya kila siku na aulize, asisikilize jirani.

Sisi vijana tusiomeza kitu tunayo ruhusa. Asiyependa uchungu na amenye ile ngozi nyeupe ya kila kipande, ndimo uchungu ulimo, kisha achovye chumvi na pilipili kama embe mbichi.

Namwomba Mwalimu Mkuu atupe sehemu ile tupu nyuma ya bwalo tupande mibalungi sita. Tusipande mbegu, maana tutamaliza shule kabla ya kuona ua. Tutafute miche iliyobebeshwa juu ya mlimau, ambayo huweza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Masika huanza Machi. Mashimo na samadi vyaweza kuwa tayari mwezi wa Februari, na majembe stoo yamo.