Meli Zilikuwapo

Miongoni mwa wasomi wa Kiswahili walioko ughaibuni imezoeleka kauli moja kila vinapotajwa Vita Vikuu vya Pili: kwamba Mataifa Washirika hayakuwa na njia ya kuwaokoa Wayahudi wa Ulaya ila kumshinda Hitler upesi. Ushindi kwanza, mengine baadaye. Kauli hiyo ilikuwa ya Washington na London kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote, na hurudiwa kwa sauti ya hekima, kana kwamba hesabu ya meli ilikwisha kupigwa na jibu likapatikana. Mkenya au Mtanzania anayeishi Blaine, kaskazini mwa Minneapolis, ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuikubali, kwa kuwa ushahidi wa kuipinga uko alikotoka na uko anakoishi.

Minnesota yenyewe ina sehemu yake katika ushahidi huo. Wakati wa vita Marekani iliwavusha Atlantiki wafungwa wa vita wa Kijerumani zaidi ya 300,000. Baadhi yao waliletwa Minnesota kufanya kazi mashambani na kukata miti misituni. Meli zilizopeleka askari na silaha ng'ambo zilikuwa zikirudi na nafasi, na nafasi hiyo ikatumika. Wakimbizi walioletwa na serikali hiyohiyo nje ya utaratibu wa viza, katika vita vyote, walikuwa 982. Walifikishwa Oswego, New York, Agosti 1944, wengi wao Wayahudi, wakawekwa nyuma ya uzio. Askari wa Hitler aliyetekwa alipata kitanda melini kwa urahisi kuliko mtu aliyemkimbia Hitler.

Afrika Mashariki ushahidi ni mzito zaidi. Kuanzia 1942 Waingereza walileta Tanganyika, Uganda na Kenya maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Stalin na kutolewa kupitia Iran. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilipata kuwa na watu wapatao 5,000, na shule na kanisa lao. Lilikuwa jambo jema, na hakuna wa kulibeza. Kenya nayo ilijaa mateka wa Kitaliano kutoka Ethiopia na Somalia. Kanisa dogo walilolijenga kando ya barabara ya Mai Mahiu lingali limesimama. Basi hapo 1942 ardhi ya kuwapa watu hifadhi ilikuwapo, chakula kilipatikana, na bandari zilikuwa wazi.

Na meli zilikuwapo hata kwa Wayahudi, ilimradi safari ilikuwa ya kuwafukuza. Mwishoni mwa 1940 wakimbizi waliotoka Vienna, Danzig na Prague walifika Haifa kwa meli Atlantic. Waingereza, wenye mamlaka juu ya Palestina, waliwakatalia, wakawapakia tena na kuwasafirisha hadi Mauritius. Karibu watu 1,600 walifungiwa katika gereza la Beau Bassin: wanaume ndani ya vyumba vya gereza, wanawake katika vibanda vya mabati, mume na mke wakitengwa. Zaidi ya 120 walifia huko. Uingereza ilikuwa ikipigana peke yake, nyambizi za Ujerumani zikiwinda kila meli, na bado zikapatikana meli za kuwapeleka wakimbizi katikati ya Bahari ya Hindi. Ni mkakati gani wa kivita uliohitaji safari hiyo?

Mtetezi wa kauli ile atajibu kwamba Wayahudi wengi walikuwa tayari mikononi mwa Wajerumani, ambako hakuna meli ingefika. Ni kweli, na hilo ndilo jibu lake lenye nguvu. Lakini waliokuwa ndani ya Struma hawakuwa mikononi mwa Wajerumani. Walikaa majini Istanbul tangu Desemba 1941, wakingoja ruhusa ya kuingia Palestina ambayo Waingereza hawakuitoa. Februari 1942 Waturuki waliivuta meli hiyo, injini yake ikiwa mbovu, hadi Bahari Nyeusi, ikazamishwa na nyambizi ya Kisovieti. Walikufa zaidi ya watu 750, akaokoka mmoja.

Hata suala la Auschwitz halimsaidii mtetezi huyo kama anavyodhani. Agosti 1944 John McCloy wa Wizara ya Vita ya Marekani aliandika kwamba kuishambulia kungeondoa ndege kwenye kazi muhimu kwingineko. Siku chache baadaye, tarehe 20, ndege za Marekani zilikipiga kiwanda cha Monowitz, chini ya kilomita 10 kutoka vyumba vya gesi. Kama mabomu yangewaokoa watu ni jambo la kubishaniwa. Sababu iliyotolewa, kwamba ndege zilihitajika kwingineko, haibishaniwi tena.

Kilichopungua kilikuwa nia. Kenya, walowezi wa Kizungu walipinga kuletewa wakimbizi wa Kiyahudi, na vita vilipoanza serikali ikawakamata waliokwisha kufika kama raia wa adui. Msomaji wa Nirgendwo in Afrika ya Stefanie Zweig humpenda Owuor, mpishi, akasahau upesi kwamba baba wa familia ile alitiwa kizuizini na Waingereza kwa kuwa Mjerumani. Minneapolis nako, Carey McWilliams aliandika 1946 kwamba mji huo ulikuwa makao makuu ya chuki dhidi ya Wayahudi nchini Marekani. Hata chama cha wenye magari kiliwafungia mlango. Wanasiasa walijua wapiga kura wao wanataka nini.

Ulaya vita vilikwisha Mei 1945. Waliokuwa Mauritius waliachiwa kuondoka Agosti.