Mgonjwa Asiitwe Mvivu

Ndugu Wafanyakazi,

Neno moja husikika mara nyingi kazini: "Fulani ni mtu wa roho nyepesi. Kila mwezi ana mafua, kila mwezi anataka ruhusa." Husemwa na nyapara, na kwa aibu yetu siku nyingine twalisema sisi wenyewe. Leo twataka kulijibu, kwa maana wataalamu wamelichunguza.

Mwili una walinzi wake, nao ni chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu vya ugonjwa. Mtu akishtuka, mwili hutoa homoni, mojawapo ni kotisoli, ili apate nguvu ya kukabili jambo lililomfika. Shida ikipita upesi, mwili hutulia. Lakini shida ikikaa miezi na miezi, kama vile deni lisilokwisha au kibarua kisichojulikana kama kesho kipo, walinzi wale huvurugika, na ugonjwa hupata njia.

Huko Salisbury, Uingereza, watu 394 wenye afya walikubali kwa hiari yao kutiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Kwanza waliulizwa habari za taabu zao. Sheldon Cohen na wenzake walitangaza matokeo mwaka 1991: katika wale wenye taabu chache kabisa, waliougua mafua walikuwa 27 kwa kila 100, katika wale waliolemewa zaidi, walikuwa 47. Wataalamu wakatazama kama sababu ni sigara, pombe, chakula, usingizi, au tabia ya mtu, kwamba ni mkimya au mchangamfu, anajiamini au hajiamini. Hayo yote hayakuiondoa tofauti ile.

Basi, ndugu, si roho nyepesi. Ni mzigo mzito.

Uchunguzi mwingine wa Cohen, wa mwaka 1998, ulionyesha kuwa shida zilizozidi mwezi mmoja ndizo zilizodhuru, hasa kukosa kazi au kupata kazi isiyotosha, na ugomvi wa muda mrefu na jamaa au marafiki. Na mwaka 1997 ilionekana kwamba watu wenye mafungamano ya namna nyingi, na jamaa, majirani, wenzao wa kazini na wa vyama, waliugua mafua kwa uchache.

Sasa tufanye nini? Wengine watatuambia tupumue pole pole na kutuliza moyo. Ushauri huo si mbaya, lakini mtu aliyefanya kibarua miaka kumi bila mkataba hawezi kuponywa kwa kupumua tu. Dawa yake ni mkataba. Pombe nayo si dawa. Asubuhi deni lipo pale pale, na limeongezeka.

Jueni haki zenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi, zisizopungua, baada ya kila miezi 12, pamoja na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Aliyetumika miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, hupata kwa mwaka siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara, kwa uchache. Wengi wetu huacha likizo ili wapate fedha badala yake. Twaijua sababu: ni karo na kodi ya nyumba. Lakini mwili nao hudai deni lake.

Hatusemi kila ugonjwa huletwa na mawazo. Mwenye homa aende hospitali mapema. Twasema tu kwamba mwenzetu akiugua mara kwa mara, tumwulize ana mzigo gani kabla ya kumcheka.

Kwa hiyo twaomba kila katibu wa tawi alete katika mkutano ujao orodha ya wanachama ambao hawajapata likizo mwaka mzima. Kazi ya chama ianzie hapo.

Mhariri