Ukitoka mweusi kwenye picha, usilaumu ngozi

Leo sina stori za bumu wala za maharage ya kafeteria. Leo nataka tuongelee picha, hasa hizi tunazopiga jioni na usiku, halafu kesho yake bwenini watu wanavunjika mbavu.

Utani wenyewe mnaujua. Picha ya usiku inazunguka kwenye simu, kuna mwenzetu mweusi tii kasimama nyuma, yanaonekana meno na macho tu. Anatokea mmoja: "Huyu asingecheka tusingejua kama alikuwepo!" Kicheko. Na mwenyewe anacheka, atafanyaje sasa? Hoja yangu ni moja na naisema mapema nisikumalizie bando: utani ule unamlaumu asiyehusika. Waulizeni mwanga, mashine iliyoupima ule mwanga, na watu walioitengeneza mashine wakiwa na sura ya mtu mwingine kichwani. Hayo yote yanarekebishika. Ngozi haihitaji fundi.

Tuanze na jicho, maana wengi tulilichora kidato cha tatu, tukapata alama zetu, tukalisahau. Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili, na mimi huwa nazifikiria kama walinzi wa zamu mbili. Zamu ya mchana ni seli zenye umbo la pia, kama milioni 6 hivi. Hizo ndizo zinazojua rangi, ila zinataka mwanga wa kutosha. Zamu ya usiku ni seli zenye umbo la kijiti, kama milioni 120. Zinaona kwa mwanga kidogo sana lakini rangi hazizijui. Na zamu hazipokezani papo hapo: ukitoka kwenye taa kali ukaingia gizani, macho yanataka dakika kama 20 mpaka 30 kuzoea vizuri. Halafu hiyo zamu ya usiku inaishi kwa vitamini A, mtu akiikosa sana haoni jioni. Sisi tuliokulia kwenye mawese mekundu ya Kigoma hapo tumejaliwa, wala sijigambi.

Mwanasayansi mmoja Mcheki, Jan Purkyně, aliandika mwaka 1825 kwamba mwanga ukififia, rangi nyekundu ndiyo inayotangulia kuzama machoni, kijani na buluu zinabaki zinang'aa kidogo. Kwetu Kitanga, kule Kasulu karibu na Burundi, hili halihitaji maabara. Kaa nje saa moja jioni. Kitenge chekundu cha mama anayetoka kuchota maji kinageuka cheusi, wakati majani ya mgomba nyuma yake bado unayaona. Lakini angalia kitu kimoja: rangi zimeondoka, uso wa mama haujaondoka. Unamjua ni nani, unajua kama amechoka au ana furaha, unamwamkia shikamoo kabla hajafika. Hajawahi kupotea machoni kwako eti kwa sababu ni mweusi.

Sasa kamera haina zamu ya usiku. Kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga ni kilekile asubuhi na usiku. Mwanga ukipungua kina njia chache tu: lenzi ifunguke zaidi, mwanga ukusanywe kwa muda mrefu zaidi, au kidogo kilichopatikana kikuzwe. Ukirefusha muda, mkono ukitikisika picha inakuwa ukungu. Ukikuza, unakuza na takataka, zile chengachenga. Simu za siku hizi zina hali ya usiku, zinapiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Ndiyo maana unakuta kitenge kimerudi chekundu, wakati wewe uliyekuwepo pale hukuona wekundu wowote. Nani mkweli, jicho au simu? Mi naona wote wawili wametafsiri.

Na hata picha ikiwa mbele yako mchana kweupe, ubongo bado unakisia. Mnaikumbuka picha ya gauni ya mwaka 2015? Dunia iligawanyika, hawa wanaona gauni jeupe lenye dhahabu, wale wanaona la buluu lenye weusi. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Macho ya watu yalikuwa mazima, ila picha haikuonyesha vizuri ni mwanga wa aina gani, kila ubongo ukajikisia wake. Aliyedhani gauni liko kivulini aliliona jeupe, aliyedhani linamulikwa na taa ya manjano aliliona la buluu. Kama gauni tu lilitugombanisha vile, itakuwaje ngozi ya mtu, ambayo tunaitazama tukiwa na mambo mengine mengi kichwani?

Sasa njooni kwenye kipimo. Kamera haikujui wewe wala ukoo wako. Kazi yake ya kawaida ni kupima mwanga ulio kwenye fremu na kuuvuta kuelekea wastani wa kijivu, kijivu ambacho kwa mafundi wa picha kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiiwekea vitu vyeupe vingi, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Vyeupe vinatulia, uso unazama. Ukiiwekea giza tupu nyuma, inaona mwanga haupo, inaongeza mpaka uso ulio karibu na taa unakuwa kama umemwagiwa unga. Simu nyingi siku hizi zinajitahidi kutafuta uso kwanza, lakini zile za bei chee kwenye mwanga hafifu zinababaika mno.

Likizo iliyopita nilijitolea kufundisha shule moja ya msingi kule nyumbani. Darasa la matofali ya kuchoma, madirisha madogo, wingu la mvua nje, watoto zaidi ya sitini. Sare mnaijua: juu shati jeupe, chini buluu. Mwalimu mwenzangu akawapiga picha, dirisha likiwa nyuma yao. Mashati yakatoka safi kama tangazo la sabuni. Mtoto mmoja wa la tatu akaomba kuona, akaisogeza simu karibu na pua, akasema, "Mwalimu, mimi sionekani." Wenzake wakacheka, na mmoja akampa sababu pale pale: "We mweusi sana."

Jamani, mtoto wa miaka tisa ameshakuwa na jibu! Hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni, lakini amefundishwa.

Tukawageuza wakaliangalia dirisha, tukawasogeza mstari wa mbele wakae chini, mwalimu akagusa uso mmoja kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza. Wakatokea wote, na yule wa la tatu akiwa katikati na pengo lake. Mtoto yuleyule, ngozi ileile, simu ileile, wingu lilelile. Walichobadilisha ni upande wa kukaa. Kwa mwalimu hakuna jaribio la fizikia rahisi kuliko hilo, na ukilifanya unakuwa umeondoa kitu kibaya kwenye kichwa cha mtoto kabla hakijaota mizizi.

Msidhani haya yalianza na simu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walisambaza kwa maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa ya mwanzo. Fundi anaangalia ngozi ya Shirley, ikitoka vizuri basi mashine iko sawa. Wewe unayefanana na mimi hukuwepo kwenye kipimo kabisa. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alichapisha utafiti wake mwaka 2009, na ndani yake kuna jambo lililonichekesha na kuniudhi kwa pamoja: kati ya waliowasukuma Kodak waboreshe rangi za kahawia walikuwemo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Yaani kabati lilisikilizwa! Baadaye filamu iliyoboreshwa ikasifiwa kwamba inaweza kumpiga farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Farasi, wadau. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Kwa jirani zetu Msumbiji, mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, aliyealikwa huko mwishoni mwa miaka ya 1970, anajulikana kwa kuikataa filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Mwaka 2021 Google wakatoa Pixel 6 na mfumo walioutangaza kuwa umerekebishwa ili ngozi za aina zote zitoke sawasawa. Na Transsion ya China, hao wenye Tecno, itel na Infinix, walishateka soko letu siku nyingi, na moja ya siri zao ni kamera iliyorekebishwa kwa ajili ya nyuso nyeusi. Sasa niulize swali la kitoto: kama tatizo lingekuwa ngozi, hawa wote walikuwa wanarekebisha nini?

Kinachoniuma zaidi ni dawa tuliyojichagulia wenyewe. Badala ya kutafuta mwanga, tunapausha. Kuna studio moja karibu na chuo (jina kapuni) ambayo kila anayeingia kupiga pasipoti anatoka wa rangi moja. Rafiki yangu, mweusi mzuri tu wa kwao, walimfanya maji ya kunde bila kumuuliza. Picha ikaenda kwenye kitambulisho. Siku ya mtihani msimamizi akaiangalia picha, akamwangalia yeye, akaiangalia tena, foleni nzima inasubiri. Aliruhusiwa mwishoni, lakini aliingia kwenye mtihani mikono inatetemeka kwa sababu ya uso wake mwenyewe. Mnaona hapo kuna starehe gani?

Najua mtu atasema, "Ah, picha ni mapambo, mwache mtu apendeze." Sawa, sikatazi mapambo. Mtu akitaka kujiweka zambarau ajiweke. Ninachokataa ni pale kupendeza kunapokuwa na maana moja tu, kuwa mweupe kuliko ulivyo, na simu inakufanyia hivyo hata hujaiomba. Lugha yetu ina mweusi tii, ina maji ya kunde, ina mweupe. Picha mbovu ya usiku inawazamisha wote kwenye shimo moja, na picha ya kupausha inawapaka wote chokaa moja. Na kutoka kupausha picha mpaka kununua mkorogo si safari ndefu, tunawajua waliokwishaifunga.

Kama unadhani haiwezekani, mtafute Malick Sidibé wa Mali. Mwaka 1963 pale Bamako alipiga picha ya vijana wawili, wa kiume na wa kike, wakicheza usiku wa Krismasi, vichwa vimekaribiana. Ni picha ya nyeusi na nyeupe tu, na vifaa vya miaka hiyo. Usiku umebaki usiku, ngozi imebaki nyeusi, na unaona mpaka walivyozama kwenye ule muziki. Mwaka 2007 huyo mzee alipewa Simba wa Dhahabu kule Venice. Yeye alijali aliowapiga, basi.

Kwa hiyo tufanyeje na hizi simu zetu? Moja, mtu aangalie mwanga, asiupe mgongo. Iwe dirisha, mlango, taa ya sola au hata tochi ya simu ya mwenzako, iweke pembeni ya uso kidogo. Ngozi nyeusi inapendeza sana kwa mng'ao wa pembeni, shavu na paji la uso vinajichora vyenyewe. Mbili, gusa uso kwenye kioo cha simu, halafu pandisha au shusha mwanga mpaka ufanane na unavyomwona. Tatu, flashi siyo jua. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga wake unabaki robo, ndiyo maana wa mbele anaungua na wa nyuma anazama. Wakusanye watu wasimame umbali mmoja. Nne, shuka jeupe au ukuta mweupe upande wa pili unarudisha mwanga bure. Tano, egemeza simu kwenye kitu, tulia, hesabu mpaka tatu.

Na wenzangu wa ualimu, mkienda mafunzo kwa vitendo mtapiga picha za darasa, najua. Kabla ya kubonyeza, hesabuni nyuso kwenye kioo kama mnavyohesabu mahudhurio. Ambaye haonekani, msogezeni kwenye mwanga.

Na picha nyingine ya usiku ikizunguka bwenini na utani ukaanza, uliza swali moja tu: taa ilikuwa wapi?

Nawasilisha.