Hukumu Si Pambo la Kabati

Eti sheria ya ndoa ni jambo nyeti, tuwaachie wakubwa wakae wajadili. Wajadili hadi lini? Sheria yenyewe ni ya 1971, na majaji walishasema siku nyingi.

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea: vyote jasho. Lakini Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu. Korti ilisema fungu lake alishapewa, akalitapanya. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, kule Mwanza, akaamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi, sawa na mwanamume. Desturi iligongana na Katiba, ikaanguka.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17, vilivyomruhusu binti wa miaka 15 aolewe huku mvulana akingoja 18, vinavunja Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Ikakata rufaa, ikabwagwa 2019. Mwaka 2020 ukaisha, vifungu viko vile vile!

Jamani, kesi humwokoa aliyepata nauli na wakili. Sheria ndiyo humfikia binti asiyejua hata mahakama iko wapi. Basi hukumu hizi tusizisome kama hadithi. Tumpelekee mbunge mkononi, tumuulize: majaji walishaamua, wewe unangoja nini?