Twisheni ya Kemia Isiachiwe Wazee Peke Yao

Mara tu matokeo ya mitihani ya muhula yanapobandikwa skulini, huanza katika visiwa vyetu msako usiotangazwa popote. Wazee huulizana wakitoka msikitini, huulizana sokoni na kwenye baraza: nani anamjua mwalimu wa Kemia? Mwalimu wa Historia au wa Kiswahili hapatikani kwa shida. Wa Hisabati naye, kwa kumtafuta, hupatikana. Wa Kemia ndiye anayemfanya mzee wa Micheweni aulizie hadi Wete, na mzee wa Makoongwe amvushe mtoto kwa mashua hadi Mkoani.

Wako wanaouita msako huu anasa ya watu wenye fedha. Sisi hatukubaliani nao. Kemia ni mlango ambao nyuma yake imo milango mingine mingi. Kijana anayetaka kusomea udaktari hana budi afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita, na anayeomba nafasi ya stashahada ya uuguzi huulizwa Kemia yake ya kidato cha nne. Dawa, kilimo, maabara za hospitali, utafiti wa mwani na wa karafuu, vyote vinapita hapo. Mtoto akianguka somo hili akiwa na umri wa miaka 17, hakuanguka somo moja tu. Na kisiwa kinachokosa watoto wa kupita mlango huo kitaendelea kungojea madaktari kutoka ng'ambo ya bahari.

Tarehe 23 Septemba, 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo. Kwa hiyo mzee anayetoa fedha kila mwezi kwa ajili ya somo lililomo katika ratiba ya skuli ana haki ya kuuliza mwanawe anakosa nini darasani. Swali hilo halipaswi kuchukuliwa kuwa ni utovu wa adabu kwa walimu. Mwalimu mmoja mwenye vidato vinne mikononi mwake, na kila darasa limejaa, hawezi kumsimamia kila mtoto mpaka aelewe. Hilo tunalijua, na wakuu wa elimu wanalijua zaidi yetu.

Kinachokosekana tunadhani ni mambo matatu, na mzee anayetafuta mwalimu yafaa ayajue, maana vinginevyo atanunua asichokihitaji.

Kwanza ni maana. Yuko mwanafunzi anayeweza kusoma kwa moyo kwamba moli ni 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23, na akiulizwa ni kitu gani hicho hunyamaza. Mwalimu mzuri angemwanzia mjini kwake. Muuza boriti huuza kwa korija, na korija ni 20, ziwe nene au ziwe nyembamba. Korija ya boriti ni nzito kuliko korija ya fito, lakini idadi ni ile ile. Moli ni korija ya mkemia, ila vitu anavyovihesabu ni vidogo mno hata idadi yake ikawa 602 ikifuatwa na sifuri 21. Moli moja ya maji ina gramu 18 na moli moja ya chumvi tunayokula ina gramu 58.5, kwa sababu ile ile ya fito na boriti. Mtoto akishalielewa hilo, nusu ya hesabu za Kemia hazimtishi tena.

Pili ni lugha. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeona kwa macho yake maji ya chokaa yakigeuka kama maziwa yalipopulizwa pumzi analijua jambo hilo. Akitakiwa aliandike, kalamu husimama. Hapa twisheni nyingi hukosea njia. Mwalimu husoma maelezo yake ya Kiingereza kwa sauti, watoto wakanakili, saa mbili zikapita, na daftari likajaa. Afadhali yule anayefafanua kwa Kiswahili mpaka jambo likakaa, kisha akamwachia mtoto alieleze mwenyewe kwa Kiingereza, hata kama kwa makosa, na makosa yakasahihishwa papo hapo. Mzee asiyejua Kemia hata kidogo anaweza kumpima mwalimu kwa njia hii: alifungue daftari la mwanawe, atazame kama mna kazi aliyoifanya mtoto mwenyewe na wino wa kusahihishia, au mna kunakili tu.

La tatu ni mikono, na hili ndilo zito kuliko yote. Ipo karatasi ya mtihani wa vitendo. Mtahiniwa hupewa bureti, pipeti na flaski, akatakiwa adondoshe asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke, na tone moja likizidi jibu limeharibika. Ustadi huo haufundishwi ubaoni, wala haupatikani katika majibu ya mitihani iliyopita. Mwalimu anayefundishia ukumbini kwa mtu hana vyombo hivyo. Kweli, mengi yanaweza kuonyeshwa kwa vitu vya jikoni. Mama yeyote aliyefua kanga yenye doa la mchuzi wa bizari ya manjano amekwisha kuliona doa likiwa jekundu linapoguswa na sabuni, na likirudi njano likikamuliwa ndimu; hicho ni kiashirio cha asidi na besi, na mama amekuwa mkemia miaka yote pasipo kuitwa hivyo. Lakini bizari haimfundishi mtoto kuisoma bureti. Na mwalimu anayeweka asidi kali nyumbani katika chupa za maji ya kunywa asipewe mtoto wa mtu.

Kwa hiyo ombi letu kwa Wizara ni moja na ni la wazi. Maabara za skuli za sekondari, Unguja na Pemba, zifunguliwe Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, pamoja na wale wa skuli jirani zisizo na maabara inayofaa, na mwalimu atakayesimamia alipwe posho iliyo halali. Jengo lipo, meza zipo, na mara nyingi mlango umefungwa tangu Ijumaa mchana. Tutaambiwa kemikali ni ghali. Lakini wazee wanatoa fedha hivi sasa, kila mmoja kwa mlango wake, na fedha hizo hazinunui hata pipeti moja. Kamati ya skuli inayokubaliana na wazee juu ya mchango mdogo, ukaandikwa na kusomwa hadharani, na asiye nacho akasamehewa, itafika mbali kuliko msako wa mtu mmoja mmoja. Watoto wa visiwa vidogo kama Kojani, Fundo na Makoongwe wafikiriwe nauli ya chombo, la sivyo Jumamosi hiyo itakuwa ya watoto wa mjini tu.

Jambo moja hatuna budi kulisema ingawa litawaudhi baadhi ya watu. Mwalimu anayeiruka mada darasani asubuhi ili aiuze jioni kwa wanafunzi wale wale anafanya biashara ya mali isiyo yake. Hatusemi ni wengi. Kazi ya ualimu ni ngumu na mshahara wake haujawahi kumtajirisha mtu, wala hatuoni haya yoyote kwa mwalimu kufundisha baada ya saa za kazi. Lakini wakaguzi wa elimu wanaweza kulimaliza kwa kanuni nyepesi: mwalimu asitoze fedha wanafunzi anaowafundisha darasani kwake.

Liko pia suala la watoto wa kike. Twisheni nyingi huwa baada ya magharibi, kwa sababu alasiri watoto wako chuoni wakisoma Kurani au wamo kazini nyumbani. Mzee akimkatalia binti yake kwenda usiku nyumbani kwa mwalimu mwanamme asilaumiwe. Ila kumkatalia pasipo kumtafutia njia nyingine ni kumfungia mlango ule tuliokwisha kuutaja. Wanafunzi watano wakikusanyika mchana barazani kwa mmoja wao, mama wa nyumba akiwapo, gharama hugawika na wasiwasi huondoka.

Na mwalimu wenyewe watoke wapi? Jibu moja limekaa vibarazani mwetu. Mitihani ya kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo vijana waliosoma Kemia miaka miwili mfululizo wamo majumbani wakingojea majibu, na hesabu za moli bado zi moto vichwani mwao. Hawawezi kuchukua nafasi ya mwalimu aliyesomea kazi yake, lakini chini ya usimamizi wake wanaweza kukaa na watoto wanne wanne na kuwasahihishia mazoezi. Kadhalika wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaporudi likizo. Kila ofisi ya elimu ya wilaya inaweza kuweka daftari la vijana hao, likiwa na jina, somo, matokeo na mahali anapokaa, likathibitishwa na mkuu wa skuli aliyomfundisha na sheha wa shehia yake. Mzee aingiapo ofisini kuuliza, alionyeshwe daftari. Kazi hiyo yataka karani mmoja na kalamu, na inaweza kuanza kabla ya likizo ijayo.