Mertesacker alisema wazi, mbona akachekwa?

Kama wewe ni wa Arsenal, unamkumbuka Per Mertesacker, yule beki Mjerumani mrefu karibu mita mbili. Mbio hakuwa nazo (tuambiane ukweli), lakini kusoma mchezo, alijua. Mechi 104 za timu ya taifa, Kombe la Dunia 2014, Kombe la FA mara tatu.

Sasa sikia. Machi 2018, akikaribia kustaafu, aliliambia jarida la Der Spiegel kwamba kabla ya mechi tumbo lilikuwa likimchafuka hadi akahisi kutapika. Ujerumani ilipobanduliwa na Italia katika nusu fainali ya 2006, tena nyumbani kwao, alihuzunika, lakini pia alishusha pumzi. Presha ilikuwa imekwisha.

Lothar Matthäus, nahodha wa mabingwa wa 1990, alimkosoa hadharani. Alishangaa vipi mtu wa maneno hayo atalea vijana.

Sisi tunaona Matthäus alikosea. Hata huku kwetu dawa ya kila kitu ni neno moja: jikaze. Unaambiwa jikaze kabla ya mtihani, jikaze ukikosa kazi, na ukisema umelemewa unaitwa mlaini. Lakini Mertesacker alijikaza miaka 15, akabeba vikombe, na tumbo halikutulia. Nani basi angemwelewa kijana anayetetemeka kwenye chumba cha kubadilishia nguo kumliko yeye?

Arsenal walimkabidhi akademia mwaka uo huo. Bukayo Saka, wakati huo akiwa na miaka 16, alikuwa mmoja wa vijana aliowakuta.